Motokaa Mpya na Jicho la Mkaguzi

Msomaji, ikiwa umepata kupita katika Barabara ya Ngong, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, bila shaka umeziona motokaa zilizopangwa safu kwa safu zikingoja wanunuzi, nyingine mpaka karibu na Dagoretti Corner. Zimeoshwa na kusuguliwa hata vioo vyake vyang'aa juani. Kijana atokaye shule husimama hapo, akaweka viganja pembeni mwa macho, akachungulia ndani. Huchagua moja moyoni mwake, na mara nyingi ile aichaguayo ni yenye mwendo mkali: Subaru, au Mitsubishi Lancer, au Nissan iliyoinama mbele kama duma anyemeleaye swala. Haulizi habari nyingine. Rangi imempendeza, mngurumo wa injini umempendeza, na jina amelisikia likisifiwa.

Wazee wetu wa pwani walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Walisema habari za vyombo vya baharini, lakini neno lao lafaa pia kwa vyombo vya barabarani. Katika insha hii nataka kukuonyesha mambo yasiyoonekana kwa kuchungulia dirishani: jinsi kasoro inavyoingia katika motokaa mpya, jinsi jiji la Nairobi lilivyokuwa chumba cha mtihani wa motokaa za ulimwengu, na jinsi majina yaliyofaulu hapa yalivyokuja kuanguka katika mtihani mwingine, mdogo kwa sura na mkubwa kwa maana.

Hapo zamani motokaa ilikuwa kazi ya mafundi wachache walioizunguka mpaka ikaisha. Mwaka 1913 Henry Ford, katika kiwanda chake cha Highland Park huko Marekani, aliweka mpango mwingine. Fundi hakuifuata kazi tena, bali kazi ilimfuata fundi. Fremu ya motokaa ilivutwa polepole mbele ya watu waliosimama mahali pamoja, kila mmoja akitia kitu chake, nayo ikaendelea kwa mwenziwe. Kuunganisha fremu moja kulikuwa kukichukua saa 12 na nusu. Mpango huo ulipokamilika kulichukua saa 1 na dakika 33. Bei ikashuka, na watu wengi wakapata motokaa. Lakini faida hiyo ilikuja na hasara yake. Aliyekaza nati hakuiona motokaa ikimalizika, wala hakumjua mtu ambaye uhai wake ungeitegemea nati hiyo.

Fanya hesabu ndogo. Motokaa ya siku hizi ina sehemu zipatazo 30,000, ukihesabu hata nati ndogo kabisa. Tuseme wafanyakazi ni hodari sana, hata katika kila sehemu 10,000 wanakosea moja tu. Mwanafunzi mwenye kukosa mara moja katika maswali 10,000 angesifiwa nchi nzima. Lakini gawanya 30,000 kwa 10,000, utaona kuwa kila motokaa itatoka kiwandani na kasoro 3. Ya kwanza yaweza kuwa mkwaruzo wa rangi. Ya pili, mlango usiofunga sawasawa. Ya tatu yaweza kuwa boliti ya usukani. Na motokaa ya mwendo mkali haina huruma. Somo la fizikia lafundisha kuwa mwendo ukizidishwa mara 4, nguvu iliyomo katika chombo kiendacho huzidi mara 16. Kwa hiyo kasoro ambayo katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni kelele tu, katika mwendo wa kilomita 160 ni msiba.

Kwa sababu hiyo viwanda viliweka wakaguzi, na ukaguzi ukawa elimu kamili. Mwaka 1924 Walter Shewhart, mtaalamu wa kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, alibuni mchoro wa kuonyesha kama kazi ya mashine inakwenda sawa au inapotoka kidogo kidogo, ili kosa lizuiwe kabla halijazaa mengine. W. Edwards Deming, aliyejifunza kwake, alikwenda Japani mwaka 1950 akawafundisha elimu hiyo wahandisi na wakuu wa viwanda. Japani ilikuwa imevunjwa na vita, na bidhaa zake zilidharauliwa ulimwenguni. Wajapani waliyashika mafundisho yale kama mkulima ashikavyo jembe wakati wa mvua. Tangu mwaka 1951 walitoa tuzo yenye jina la Deming kwa wale waliofanya vema, na mwaka 1960 kampuni ya Nissan ilipata tuzo hiyo. Lishike jina hilo, msomaji, na mwaka huo, kwa maana tutayarudia.

Mkaguzi wa kiwandani hakagui peke yake. Barabara nayo hukagua, wala haipokei rushwa. Katika habari hii ndipo Nairobi inapoingia.

Mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa Uingereza, wenye motokaa wa Afrika Mashariki walianzisha mashindano kwa heshima ya sherehe hiyo, wakayaita East African Coronation Safari. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilikuwa siku za ukoloni na za hali ya hatari katika Kenya. Walioshindana walikuwa hasa Wazungu na Wahindi wachache, na Waafrika wengi walitazama kutoka kando ya barabara. Hayo tusiyasahau. Lakini kanuni moja ya mashindano yale ilikuwa na hekima. Motokaa zilitakiwa ziwe za kawaida, kama zinavyouzwa dukani, na zikapangwa katika madaraja kwa kufuata bei zake. Kwa hiyo hayakuwa mashindano ya madereva tu. Yalikuwa mashindano ya viwanda. Motokaa iliyopita mikononi mwa wakaguzi wa Ulaya iliulizwa maswali upya na vumbi la Tanganyika, na matope ya Uganda, na mawe ya Bonde la Ufa.

Baadaye mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapoanza, na mtihani ukazidi kuwa mgumu. Springi zilivunjika, matangi ya petroli yalitobolewa na mawe, na vumbi liliingia mahali ambapo mhandisi aliapa kuwa halitaingia. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka; zilizofika mwisho zilikuwa 7. Mwaka 1968 ziliondoka zaidi ya 90, na mara hii pia zilizofika zilikuwa 7. Katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na mwenzake Paddy Cliff, katika motokaa ya Kifaransa, Peugeot 404. Basi ukimsikia mzee akiisifu Peugeot kwa ugumu wake, ujue kuwa sifa hiyo haikutoka katika tangazo la gazeti. Ilitoka njiani.

Yafaa pia tumkumbuke Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932. Yeye alikuwa fundi aliyelelewa katika gereji ya baba yake, akaijua spana kabla hajaijua sifa. Mwaka 1965 alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant Singh katika Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya hata kidogo. Ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Wengi walikuwa na motokaa mpya zaidi. Yeye alikuwa na sikio la kuisikia motokaa inapougua. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, mara hizo mbili katika Mitsubishi Lancer, akawa mtu wa kwanza kushinda mashindano hayo mara tatu.

Sasa turudi kwa Nissan. Mwaka ule wa 1963, motokaa saba tu ziliporudi, Wajapani wa Nissan walikuwamo katika mashindano kwa mara ya kwanza, na hakuna motokaa yao hata moja iliyokuwa miongoni mwa zile saba. Wangeweza kuzilaumu barabara zetu. Badala yake walikubali kufundishwa nazo. Walirudi mwaka baada ya mwaka, na kila kilichovunjika huku kilikuwa somo huko kwao. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda katika Datsun 1600SSS, motokaa ya kampuni hiyo, na Joginder Singh akawa wa pili katika nyingine ya namna ile ile. Mwaka 1971 Herrmann alishinda tena katika Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda katika 240Z nyingine. Miaka 7 ilitosha kuwatoa katika aibu na kuwafikisha kwenye ushindi, kwa sababu waliyaita makosa yao kwa majina yake.

Mashindano yaliendelea kukua. Jumba la Mikutano la Kenyatta lilipojengwa katikati ya jiji, likawa mahali pa kuagana na madereva mbele ya umati mkubwa. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen wa Finland alishinda katika Mitsubishi Lancer, na mwaka 1997 Colin McRae wa Scotland akashinda katika Subaru Impreza. Baada ya mwaka 2002 mashindano yalitoka katika orodha ya ubingwa wa dunia, yakarudishwa mwaka 2021. Kwa vijana wa Westlands, Kangemi na Kawangware majina hayo matatu, Nissan, Mitsubishi na Subaru, yalikuwa yamepata shahada zao hapa hapa nyumbani. Nani angeuliza zaidi?

Lakini shahada ya jana haikufanyii kazi ya leo. Mwaka 2000 serikali ya Japani iligundua kuwa kampuni ya Mitsubishi ilikuwa ikificha malalamiko ya wanunuzi kwa muda wa zaidi ya miaka 20. Malalamiko yaliyotakiwa kupelekwa serikalini yaliwekwa kando, na motokaa zilizostahili kuitwa zirudi kiwandani zikatengenezwa kimya kimya, ili jina lisichafuke. Kisha, mwezi wa Januari mwaka 2002, katika mji wa Yokohama, gurudumu la lori la Mitsubishi lilichomoka likamwua mama mmoja aliyekuwa akitembea na watoto wake. Kwanza ilisemwa kuwa mwenye lori hakulitunza. Mwaka 2004 ndipo ilipokiriwa kuwa kasoro ilikuwa katika chuma chenyewe kinachoshika gurudumu. Mficha maradhi, kifo humfichua. Na ubaya wa methali hiyo ni kuwa mara nyingine kifo humpata asiyeficha kitu.

Habari ya Nissan ilikuja mwaka 2017. Kwa kanuni za Japani, kila motokaa itakayouzwa nchini humo hukaguliwa mara ya mwisho kabla ya kutoka kiwandani. Hutazamwa breki, usukani, taa na mengineyo, na kazi hiyo hufanywa na watu waliofundishwa na kuidhinishwa na kampuni yenyewe. Iligunduliwa kuwa watu wasioidhinishwa walikuwa wakifanya ukaguzi huo, na makaratasi yakapigwa mihuri ya majina ya wakaguzi wa kweli. Kampuni ililazimika kuziita motokaa zipatazo milioni 1.2 zikaguliwe upya. Hata baada ya jambo kutangazwa, desturi ile ilionekana ingali inaendelea katika viwanda vyake. Katika kiwanda cha Tochigi, kinachounda motokaa za mwendo mkali zilizorithi jina la ile 240Z, wachunguzi waliona dalili kuwa desturi hiyo yaweza kuwa ilianza mwaka 1979. Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo wa 2017 Subaru nayo ilikiri kosa la namna hiyo, lililodumu kwa zaidi ya miaka 30, ikaita motokaa karibu 400,000.

Tuseme kweli na tusizidishe. Hakuna aliyesema kuwa motokaa zote hizo zilikuwa mbovu. Huenda nyingi zilikuwa nzima kabisa. Basi kosa lilikuwa nini? Fikiri juu ya mwalimu ampaye kiranja kalamu nyekundu na saini yake, amsahihishie mitihani, naye aende zake. Pengine kiranja ni mwerevu, na alama alizotoa ni za haki. Hata hivyo siku jambo hilo litakapojulikana, hakuna mwanafunzi katika darasa lile atakayeweza kuionyesha shahada yake bila kuulizwa maswali, hata yule aliyefaulu kwa jasho lake. Uongo wa muhuri mmoja huichafua mihuri yote.

Na kosa hilo halikuanza kwa nia ya kuua mtu. Lilianza kwa haraka, na kwa uchache wa wakaguzi, na kwa wazo kwamba ukaguzi wa mwisho ni desturi tu kwa kuwa mashine zimekwisha kufanya kazi nzuri. Siku ya kwanza mtu aliona haya. Siku ya mia ilikuwa kawaida. Baada ya miaka, mwanagenzi aliyeingia kiwandani alifundishwa kosa kama sehemu ya kazi, naye hakujua kuwa ni kosa. Hivyo ndivyo nyumba yenye Tuzo ya Deming ya mwaka 1960 ilivyofika kwenye aibu ya mwaka 2017, bila mlango kuvunjwa wala dirisha.

Pengine utasema, "Hayo ni ya Japani, yatuhusu nini sisi?" Yatuhusu sana. Sehemu kubwa ya motokaa zinazoingia Kenya ni zile zilizokwisha kutumika Japani, kwa kuwa huko, kama huku, usukani uko kulia. Kenya inakataza kuingiza motokaa yenye umri wa zaidi ya miaka 8, na inataka ikaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Hiyo ni kinga njema, lakini haitoshi. Kiwanda kinapogundua kasoro humwandikia mwenye motokaa anayemjua, naye yuko Osaka au Tokyo, na barua ni ya Kijapani. Motokaa yenyewe imekwisha kuvuka bahari, imeshushwa Mombasa, na sasa inang'aa katika Barabara ya Ngong. Mfano mkubwa ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, inayojazwa ghafla motokaa inapogonga. Ilionekana kuwa joto na unyevu wa miaka mingi viliweza kuiharibu baruti iliyomo, hata mfuko wa kuokoa ukatupa vipande vya chuma usoni mwa dereva. Motokaa za majina mengi, mamilioni kwa mamilioni, ziliitwa duniani kote, na mwaka 2017 Takata ikafilisika. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hatazami rangi kwanza. Hutazama nambari ya fremu, akauliza kwa mwakilishi wa kiwanda kama motokaa yenye nambari hiyo ilipata kuitwa, na kama iliitika.

Wala tusiwacheke wageni kana kwamba sisi hatukupata kujaribu. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwaomba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde motokaa ya Kenya. Mwaka 1990 motokaa tano zilionyeshwa huko Kasarani, zikaitwa Nyayo Pioneer. Kampuni iliundwa ili ziundwe kwa wingi, lakini fedha hazikupatikana, na hakuna hata moja iliyofika kwa mnunuzi. Watu wengine walicheka, na kicheko hakikuwa haki, kwa sababu kuunda motokaa tano si kazi ndogo. Lakini kuunda tano kwa mikono ya wataalamu ni jambo moja, na kuunda elfu tano zilizo sawasawa, kila nati mahali pake, ni jambo jingine. Jambo hilo la pili lataka mitambo, fedha, na jeshi la watu wenye tabia ya kukagua. Mitambo hununuliwa. Tabia hainunuliwi.

Tabia hiyo inaanzia wapi? Siku moja ukienda katikati ya jiji, pita Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wengi wangali wanaiita Grogan kwa jina lake la zamani. Hapo mafundi hufanya kazi kando ya barabara, na wanagenzi wao, baadhi yao hawakuzidi umri wako, hulala chini ya motokaa wakiwa weusi kwa oili. Mtazame mwanagenzi arudishaye gurudumu. Hukaza nati ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho, na kazi yaonekana imekwisha. Fundi mwema hamruhusu kuondoka. Humwambia azirudie zote tena, moja baada ya moja, ingawa mwenye motokaa amekwisha kulipa na anapiga honi kwa kukosa subira. Huko kurudia mara ya pili, hakuna akuonaye wala akusifuye, ndiko ukaguzi wenyewe. Viwanda vikubwa vya ulimwengu havikupata kubuni kitu kikubwa kuliko hicho. Na vilipokiacha, milioni ya mihuri haikuweza kuvisaidia.

Msomaji, si kila mmoja wenu atakuwa fundi wa motokaa. Mwingine atapima dawa hospitalini, mwingine atatia saini michoro ya madaraja, mwingine atasahihisha mitihani ya watoto wasiozaliwa bado. Kila mmoja atapewa muhuri wake siku moja, na siku nyingine atakuja mtu mwenye haraka aombe kuuazima. Siku hiyo likumbuke gurudumu la Yokohama, kisha uzirudie nati zako mara ya pili.